Nilijifunza Kufuma kwa Jina la Jirani

Kuna wanawake na wasichana kumi na saba hapa Lubumbashi wanaobeba jina langu. Wa kwanza ni mama mzima mwenye watoto wakubwa. Wa mwisho bado yuko shule ya msingi. Sikumzaa hata mmoja wao. Wazazi wao waliwapa jina langu kwa sababu ya nguo nilizowapelekea walipozaliwa: kofia, soksi, na gileti, yaani kizibao kidogo, vyote vya leni, uzi wa sufu. Kwetu mtu akimpa mtoto jina lako, wewe na huyo mtoto mnaitana "majina" mpaka kufa. Na siku mtoto anapotolewa nje mara ya kwanza, ni wewe unayemvalisha, tena nguo iliyotoka mkononi mwako. Ya kununua dukani haikubaliwi. Unaweza kuileta, lakini itawekwa pembeni na zawadi za watu wengine.

Shule niliishia mwaka wa tatu, lakini jina la mtu likiingia kichwani mwangu halitoki. Naweza kuwataja wote kumi na saba kwa mfuatano, na mama zao, na barabara walizokaa, na rangi ya leni ya kila mmoja. Hapa siandiki hata moja. Wako na heshima zao, na jambo hili siyo kosa lao.

Jambo lenyewe ni kwamba sikufuma hata nguo moja kati ya zile. Sikujua kufuma.

Aliyefuma alikuwa jirani yangu wa lupango wa pembeni, yaani ua unaofuata, hapa Katuba, mtaa wetu. Walikuwa Waislamu, wazee wao walitoka Maniema, na bwana wake alikuwa fundi wa kinga, yaani baiskeli. Tulipokuwa mabibi wapya, ndoa bado changa, tulienda wote wawili kwenye foyer ya komine, walikofundisha wanawake kushona, kupiga pasi na kufuma. Yeye alishika kazi siku ya kwanza. Mimi vitanzi vilinitoroka. Wiki ya tatu mwalimu alinipiga vidole kwa sindano mbele ya wenzangu, na mimi sikurudi tena. Mume wangu nilimwambia bado naenda. Nilikuwa naenda shambani kwetu Kasungami, nalima, halafu narudi saa ile ile ya kutoka foyer, nimeosha miguu.

Basi watu wote walijua kwamba nilimaliza foyer. Hakuna aliyeniomba nionyeshe.

Jirani hakuwa na sindano za dukani. Bwana wake alimkatia nyaya za gurudumu la kinga, akazichonga ncha kwenye jiwe, na upande wa nyuma akaweka kichwa cha plastiki ya kuyeyusha ili vitanzi visimwagike. Kwa hizo alifuma maisha yake yote. Alikuwa anafuma huku anaongea, huku anaangalia sufuria, macho yake hayashuki hata mara moja kwenye kazi.

Mke wa katekista wetu alipozaa mtoto wake wa pili nilitaka kupeleka kitu kizuri. Nilinunua leni, nikampelekea jirani pamoja na fungu la sombe, yaani kisamvu, nikamwomba anifumie. Alifuma kwa siku sita. Nilipofika kwa mzazi, mamama wa parokia walifungua ile nguo na kuipitisha mkono kwa mkono.

"Eh, mama, ni weye njo ulishona hii?" mmoja akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, mwingine akajibu: "Unauliza nini? Yee si alisoma foyer."

Mimi niliangalia mtoto. Nilimshika kidole. Wao waliona ni unyenyekevu, wakasifu na huo pia. Kisha wakaja kuniambia kwamba mtoto atachukua jina langu.

Wa pili alikuja hivyo hivyo, na wa tatu. Jirani hakujua kitu, kwa sababu yeye hakuwa anakwenda parokiani. Alipojua ilikuwa mtoto wa tano. Mzazi alikaa barabara yetu, na jirani naye akaja kumwona, na sahani ya mikate ya mchele. Akakaa mkekani. Gileti ya bulu ilikuwa mwilini mwa mtoto, na mamama walikuwa wananisifu, jinsi mistari ilivyonyooka, jinsi mikono yangu ilivyobarikiwa. Aliiangalia ile gileti, akaniangalia mimi, akasema mtoto ni mzuri, na akakata mkate.

Tulirudi pamoja. Tulitembea hadi kwenye pampu ya maji, akasimama.

"Ulinyamaza," akasema.

"Nilinyamaza."

"Miye pia nilinyamaza. Sasa tuko babili." Akabadilisha sahani mkono. "Lete leni ya manjano. Bibi wa ule mwenye kuuza makala ya kupikia eko na mimba, na utaitwa."

Akaendelea kunifumia. Miaka ilipita, watoto wakawa kumi na saba, na hatukuliongelea tena. Kwa nini aliendelea, mpaka leo sijui. Sikumwuliza, kwa sababu ukiuliza utajibiwa.

Alikufa sasa ni miaka minne. Kwenye kilio nilikaa mkekani na binti yake siku zote tatu. Watu walimsimulia: mikate yake, sala zake, jinsi alivyowakaribisha watoto wa barabara nzima. Hakuna aliyesema neno juu ya kufuma kwake, kwa sababu kufuma kwake kulikuwa kunaitwa kwangu. Mimi ningeweza kusema. Nilikuwa nimekaa pale pale, mdomo ninao. Nilipokea chai, nikainywa.

Nilifikiri jambo limezikwa naye. Halafu Jumapili moja mjukuu wangu, aliyejenga Kasungami na bwana wake, akaja na tumbo la miezi mitano.

"Kambo," akaniita, ndivyo tunavyomwita bibi, "kama ni mwanamuke, tutamupa jina yako."

"Majina iko mingi," nikasema. "Angalieni ku upande ya bwana."

"Bwana alishakubali. Weye tushonee tu ile layeti, manguo ya mutoto, ile ya mistari ya bulu."

"Mikono ilishazeeka."

"Kambo, asubui uliinua beseni ya maji, miye naangalia."

"Beseni haina vitanzi."

Akacheka, akanishika shavu kama vile mimi ndiye mtoto. Kukataa kutoa jina lako kwa mtoto wa damu yako ni kama kumlaani tumboni. Nilinyamaza, na yeye akasikia ndiyo. Ndivyo ninavyokubali mambo.

Nikaanza kutafuta. Sikuwa na sindano wala uzi, na yule wa kunifumia hayupo. Nilikwenda kwa mama mshonaji wa mwanzo wa barabara yetu, nikajifanya nimepita tu.

"Iko mama mumoja ananiuliza," nikamwambia, "siku hizi leni banauza fasi gani?"

"Ku telefone, mama. Ku soko utapata ile ya kuparuza ngozi tu."

"Na mutu mwenye hajui kushona?"

"Ule naye ni ku telefone. Iko grupu ya benye kuanza. Lete telefone yako nikutiye mule."

"Ulizo haina ya miye. Ni ya ule mama."

"Sasa telefone ya ule mama iko wapi?"

"Ilikufa," nikasema, nikampa yangu.

Alinionyesha na jinsi ya kubonyeza kipaza sauti na kuuliza kwa mdomo. Nilifika nyumbani, nikafunga mlango, nikakiambia kitu kile kinionyeshe namna ya kushona trikoti ya mtoto. Kiliniletea watu wa kila aina. Alikuwepo mama mmoja, kwa lafudhi yake nadhani wa Tanzania, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kazi hii inaitwa kufuma, neno ninaloliandika hapa kama vile nilizaliwa nalo. Alifundisha vizuri, ila mikono yake ilikuwa inatoka nje ya picha pale pale ninapotaka kuiona. Mwingine alionyesha mikono tu, kucha nyekundu, muziki badala ya maneno, vidole mbio mbio. Nilimwambia, "Polepole, mama." Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, na mtu hakupunguza.

Lile kundi lilikuwa na sheria. Ukiingia unasalimu kwa vokali, yaani ujumbe wa sauti, unasema jina lako, unapoishi, na unataka kufuma nini. Kulikuwa na wanawake zaidi ya mia. Nilishika simu mbele ya mdomo. Nikitaja jina langu, wa Katuba, wangapi mle wananijua? Majina zangu wenyewe wangapi wamo mle? Wangenisikia mimi, mwenye mikono iliyobarikiwa, ninaomba kufundishwa kitanzi cha kwanza. Kidole kilikuwa tayari kimebonyeza. Nikajitaja kwa jina la jirani.

Sikulipanga. Lilitoka lenyewe, kwa sababu ndilo jina nililoita juu ya ua kila asubuhi tangu ujana. Hapa naliandika Fulani tu. "Miye ni Mama Fulani, niko Lubumbashi, nataka kushonea kitukuu kofia. Sijui hata kimoja."

Wakaanza kujibu. Karibu Mama Fulani. Courage Mama Fulani. Maua, mikono ya kupiga makofi, maua tena. Jina lile halikuitwa na vinywa vingi hivyo tangu siku ya maziko yake, na sasa walikuwa wanamwita nalo mtu asiyejua kushika sindano.

Walinipa orodha ya vitu vya kununua: sindano za namba fulani, leni ya mtoto isiyochoma, sindano butu ya kushonea mwisho. Mimi namba za sindano sikuzijua. Nilijua nyaya za kinga. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kinga, nikaomba waya mmoja wa gurudumu, nikaupiga picha juu ya meza, nikauliza kwa vokali: "Hii ni namba ngapi?"

Kisha mmoja akaandika: "Mama, ile ni ya trikoti ao ya brosheti?"

"Mama Fulani anataka kuchoma nyama," akaandika mwingine.

"Atutumie adresi, tutakuya na bukari," akaongeza wa tatu, yaani na ugali.

Mwenye kundi akawatuliza. Alisema kwa vokali kwamba bakambo wengi, bibi wa zamani, walifuma kwa nyaya zile, ni kama namba mbili, na kwamba mimi kwa kuanza nichukue namba nne ili nione vitanzi vyangu. Aliongea kwa heshima. Lakini kicheko kilikuwa kimeshapita, na kilipita juu ya jina la mwanamke aliyefuma gileti kumi na saba kwa nyaya hizo hizo bila kuangalia.

Niliagiza leni na sindano za kwanza kwa mama mmoja wa kundini mwenye kuleta mali kutoka ng'ambo, Zambia, kwa mpaka wa Kipushi. Picha yake kwenye simu ilikuwa madonge ya leni, uso hapana. Agizo nililiandika kwa kidole kimoja, nusu siku nzima. Alituma kwa dereva wa teksi, nikaenda kupokea kituoni. Nikaanza.

Nilianza na vitanzi thelathini. Nilipohesabu baada ya kufuma urefu wa vidole vinne, vilikuwa arobaini na kimoja. Nilifikiri nimehesabu vibaya, nikahesabu tena, nikapata arobaini na viwili. Nilipiga picha.

"Mama Fulani," akaandika yule wa brosheti, "kofia yako iko na mimba."

Walinieleza kwamba uzi unapita mbele ya sindano bila mimi kujua, na kila mahali penye kitundu ndipo nilipoongeza. Kweli, niliviona vitundu vyote. Tangu siku ile, mwanzaji yeyote akiharibu walimwambia, "Umefanya kama Mama Fulani." Walisema kwa upendo, kama watu wanavyomtania bibi yao. Na mimi nilibonyeza ile sura inayocheka mpaka machozi, nikaweka simu mezani kifudifudi. Ningeweza kutoka kundini. Nilibaki, kwa sababu tumbo la mjukuu lilikuwa linakua na mimi nilikuwa bado sijui kupunguza vitanzi vya utosini.

Leni iliisha, nimeifumua mara nyingi mpaka imekuwa manyoya. Safari hii nilichoka kuandika, nikaagiza kwa vokali. Yule mama wa Kipushi hakujibu siku ile. Kesho yake akaandika: "Nitaleta mwenyewe. Uko fasi gani?" Nilimweleza.

Alifika Alhamisi saa nne. Nilifungua mlango wa lupango, na aliyesimama pale na mfuko wa leni alikuwa binti ya jirani. Mtoto niliyemwogesha kwa mikono hii. Baada ya kilio cha mama yake alimfuata bwana wake Kipushi, na tangu hapo hatukuonana.

"Jambo yenu, mama," akasema, na akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa.

Nilimkalisha. Nilimletea maji kwenye glasi. Aliweka mfuko magotini.

"Mu grupu nilikuwa naona ile jina," akaanza. "Nikasema, ni mama mwingine, jina ile beko nayo bengi. Miye nasoma tu, bavokali sisikilizi, bantu ni bengi. Sasa weye ukanitumia ile ya leni. Nikasikia sauti. Nikasema, hii sauti naijua, hii ni mama wa pembeni yetu. Ukanieleza na fasi, nikajua kweli." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Nililia, mama. Hakuna mutu anaita jina ya mama yangu tena. Nikasema, leni hii haipande teksi, nitaipeleka mwenyewe, nimushukuru."

Alikuja kunishukuru.

Sikuhitaji hata kusema uongo. Ilitosha kuinamisha kichwa, kama kwa mke wa katekista. Angeondoka amefurahi, na Kipushi angewasimulia watoto wake. Niliangalia madonge ya leni ndani ya mfuko. Mengine yalikuwa ya bulu.

"Haina vile," nikasema. "Sikuibeba ile jina kwa kumukumbuka. Niliibeba kwa kujificha."

"Kujificha nini?"

"Sijui kushona. Sikujua siku hata moja. Mama yako njo alishona yote."

"Yote gani?"

Basi nikamwambia. Nilianza na mtoto wa katekista, nikataja jina la mama yake, barabara, rangi. Nikaenda kwa wa pili. Sikujua namna nyingine ya kuungama isipokuwa kuwataja. Nilipofika wa tisa aliinua mkono.

"Inatosha, mama."

Nikaishia hapo. Jogoo wa jirani wa nyuma alipita, akachungulia, akaenda.

"Hapana," akasema. "Maliza."

Nikamaliza. Kumi na saba.

"Alijua?"

"Alijua."

"Sisi alituambia ni komande, kazi ya kulipwa, ya bantu ba mu ville." Alikuwa anaongea polepole, anaangalia mfuko. "Nilikuwa namushikia leni ku mikono, yee anazungusha donge. Nasema, mama, hii ni ya nani? Anasema, ni ya mutoto wa mutu mukubwa." Akainua uso. "Mu Katuba muzima hakuna mutoto hata mumoja mwenye jina yake. Weye uko nabo kumi na saba."

"Njo vile."

"Na sasa mu grupu, mwenye hajui kushona ni yee. Siku ile ya kofia iko na mimba, mama, miye pia nilicheka. Nilimucheka mama yangu."

Nilitaka kumshika mkono, na nikaona sina haki ya kuugusa. Akasimama. Maji alikuwa hajayanywa. Alitoa madonge manne, akayapanga juu ya kiti alichokalia.

"Leni chukua. Lakini ile jina, uitoe mule. Uitoe na mudomo, kama vile uliiingiza."

Nilimsindikiza mpaka mlangoni tu. Hakutaka nifike barabarani.

Nilitengeneza ile vokali mara tatu. Ya kwanza nilijitetea, nikasikiliza, nikaifuta. Ya pili nililia, nikaifuta pia, kwa sababu mtu akilia wengine wanamhurumia na hawasikii alichosema. Ya tatu niliituma. Nilisema jina nililojiita siyo langu. Ni la mama aliyefuma kuliko sisi wote mle ndani, kwa nyaya za kinga, na amekufa. Nikasema jina langu lenyewe na barabara yangu, na kwamba nguo zote ambazo watu wa Katuba wanazijua kwa jina langu zilitoka mikononi mwake.

Kisha mtu mmoja akaandika neno moja tu: "Majina?"

Alikuwa mmoja wao, wa tano kwenye mfuatano wangu, yule wa gileti ya bulu. Alipiga simu. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliniuliza tu, "Ile gileti mama alinichungia mpaka leo, iko mu valizi. Sasa ni ya nani?"

"Ni ya jirani yangu."

"Ah." Akaniuliza habari ya afya yangu, akaniambia nijifunike na baridi hii, akakata. Tangu hapo akinikuta njiani ananiamkia "mama", kama anavyomwamkia mzee yeyote.

Kesho yake nilikwenda Kasungami kabla maneno hayajanitangulia. Mjukuu alikuwa anachambua mboga nje, amekaa miguu mbali kwa sababu ya tumbo.

"Mutoto, mumutafutie jina ingine," nikamwambia.

Kisu kilisimama. "Kambo. Unanikatalia mutoto?"

"Simukatai. Siwezi kumuvalisha."

Nikamweleza yote. Aliposikia ni habari ya kufuma alipumua, hata akacheka. "Kumbe ni trikoti tu. Miye nilifikiri uliota kitu kibaya. Kambo, tutanunua, nani atajua?" Akaendelea na mboga. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na ule mama alijua unajisifu?"

"Alijua."

"Na akaendelea kukushonea?"

"Akaendelea."

"Na siku ya kilio yake ulisema?"

"Hapana."

Hakucheka tena. Alimaliza fungu lile la mboga, akachukua lingine. "Nitaongea na bwana," akasema.

Mtoto alizaliwa msichana, mwezi wa sita, baridi kali. Walimpa jina la mama wa bwana. Nililiomba mwenyewe jambo lile, na nilipolisikia nilikaa kitandani kama niliyepigwa. Siku ya kumtoa nje, yule kambo mwenzangu, mama wa bwana, alimvalisha gauni alilolishona kwa mashine yake, akambeba hadi juani, watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki kati ya wageni, na sahani yangu ya bukari. Mama mmoja wa parokia akaniinamia, akauliza kwa nini siyo mimi. Nikamwambia kwa nini. Hakujua aweke wapi macho. Nimeshawaambia wengi sasa, na kila mara uso unawaka vile vile, haupoi kwa kurudia.

Kundini bado nipo, kwa jina langu. Wanaongea nami kwa uangalifu, utani umekwisha. Leni kutoka Kipushi naipata, lakini inakuja na dereva wa teksi, bila neno ndani ya mfuko.

Kofia niliimaliza mtoto ana miezi miwili. Ilikuwa ya bulu, imekaa upande kidogo, lakini imefunga utosini. Niliipiga picha juu ya goti langu. Wakatuma makofi, wakatuma maua, mwenye kundi akasema mama amefika. Nilikuwa nasoma moja moja, polepole, nilipoona yale madonge ya leni, ile picha isiyo na uso. Tangu Alhamisi ile hakuwa ameniandikia kitu. Sasa alikuwa ameandika hivi: "Mustari ya tano, uliruka kitanzi. Iko tundu. Fumua."

Nilivaa miwani, nikaisogeza kofia dirishani, nikahesabu kutoka chini. Tundu lilikuwepo. Nikatafuta ncha ya uzi pale utosini, nikaivuta.